Ndiyo, Niliacha Unesi Ujerumani Nikawa Fundi wa Baiskeli

Haya, mko sawa? Leo sikuwa nimepanga kurekodi. Nimetoka kazini sasa hivi, mikono mnaiona ilivyo, lakini hili swali limenichosha. Kila video, hata ile niliyokuwa napika omena tu, lazima mtu aulize: "Ni ukweli uliacha unesi ukaenda kutengeneza baiskeli?" Juzi jamaa wa Kondele, pale Kisumu, akaongeza: "Yaani ulipanda ndege kwenda kufanya kazi ya hapa stejini?" Akapata laiki mia na kitu.

Ni ukweli. Acha nijibu mara moja, halafu atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Na kabla hamjaanza: sijiringi wala silalamiki. Nikisema huku kuna shida mnaniambia si urudi nyumbani. Nikisema niko sawa, ooh, ameanza kujionyesha. Mambo ya baridi na upweke mmeyasikia kwa wengine, siyarudii.

Mimi ni mtoto wa Manyatta, Kisumu. Mzee ni mwalimu mstaafu. Baba mdogo alikuwa na kibanda cha baiskeli karibu na soko la Kibuye, na likizo zangu zote za shule ya msingi ziliishia pale. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa natoroka. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kunyoosha rimu. Unapindua baiskeli magurudumu juu, unazungusha, unashika kipande cha chaki karibu na rimu bila kuigusa. Pale chaki inapoacha alama ndipo palipopinda. Unalegeza spoki ya upande huu kidogo, unakaza ya upande ule, unazungusha tena. Inaweza kuchukua saa nzima. Sijawahi kuichoka hiyo saa.

Halafu 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, na miaka michache baadaye boda wa baiskeli pale Kibuye wakawa wa kuhesabu. Baba mdogo akafunga. Mzee akanipeleka nikione kibanda kitupu, akasema, "Umeona mwisho wa spana?" Nilikuwa darasa la sita. Niliona.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikapata B, udaktari haukuwezekana, familia ikakaa ikaamua Ujerumani, mafunzo ya unesi, ile Ausbildung mnayoulizia kila siku, unasomea kazi huku unalipwa. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyetamka neno nesi. Tangu siku ya harambee niliitwa Daktari. Zilipatikana shilingi 186,000, nazo ziliishia kwenye tiketi, viza na masomo ya Kijerumani. Mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B2 niliurudia, na ukirudia unalipa upya. Kuna mtu alitoa mia tano, jina lake liko kwenye daftari la Mama, na mpaka leo ameniomba simu mara tatu. Mia tano! Haya, tuendelee, nisije nikakasirika bure.

Sasa hapa ndipo wengine hamtanipenda. Video nyingi za aina hii mtu anasema alilazimishwa na wazazi. Mimi sikulazimishwa. Jina nililipenda. Mama akipita sokoni anaitwa Mama Daktari, mimi huku kichwa kinavimba, na bado sijagusa hata sindano. Kwa hiyo nikisema nilikuwa naishi maisha ya kufurahisha watu, mtu wa kwanza kwenye orodha ya hao watu ni mimi mwenyewe.

Nilifika Septemba 2022. Unesi ni kazi ya heshima, na Wakenya wanaoifanya hapa nawaheshimu sana. Sikuwa mbaya kazini. Ila kuna siku mzee mmoja, mgonjwa, kiti chake cha magurudumu kilikuwa kinavuta upande. Nikapiga magoti, nikatoa nywele na uzi uliojiviringa kwenye gurudumu la mbele, nyuzi moja moja, kwa ncha ya mkasi. Dakika ishirini. Msimamizi akanigombeza, na alikuwa na haki, watu walikuwa wanangoja dawa. Usiku huo sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kugombezwa. Ni kwamba katika mwaka mzima zile dakika ishirini ndizo pekee ambazo sikuangalia saa.

Mwanzoni mwa 2024 nikaacha. Sasa sikilizeni vizuri wenye haraka ya kuacha. Ruhusa yako ya kukaa imefungwa na yale mafunzo. Yakikatika kwa sababu isiyo kosa lako, sheria inakupa hadi miezi sita utafute nafasi nyingine ya mafunzo, ukikosa unafungasha; ukiacha mwenyewe, hata hiyo miezi sita huna uhakika nayo. Nafasi ya baiskeli nikaipata hapa Münster, mji ambao wenyewe wanasema una baiskeli nyingi kuliko watu. Lakini mkataba hautoshi, lazima shirika la ajira la taifa likubali, na ofisi ya wageni ya mji nilikokuwa, sitautaja, ikapoteza barua zangu. Nikapeleka tena. Wakasema haina muhuri. Nikapeleka yenye muhuri. Wakanipa karatasi ya kungojea inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Ukiifasiri ni kama cheti cha kudhania, yaani sheria inadhania ruhusa yako bado ipo mpaka waamue. Nikacheka peke yangu kwenye basi. Ujerumani mimi ni mkazi wa kudhaniwa, Kisumu ni daktari wa kudhaniwa.

Pesa, maana najua ndiyo mnayongoja. Unesi mwaka wa kwanza nilikuwa napata karibu yuro 1,200 kabla ya makato. Baiskeli nilianza na 830. Hiyo ni chini ya kiasi wanachotaka uonyeshe kwamba unajitegemea, kwa hiyo nikatafuta kazi ya pembeni, kupanga bidhaa kwenye supamaketi. Sheria inaruhusu saa 20 kwa wiki. Mafunzo yenyewe ni miaka mitatu na nusu, kwa hiyo namaliza 2028. Nyumbani nilikuwa natuma shilingi 15,000 kwa mwezi, ikashuka hadi 5,000, na kwenye kikundi cha WhatsApp binamu mmoja akaandika, "Siku hizi madaktari hawalipwi?" Sikujibu.

Sikujibu kwa sababu sikuwa nimewaambia. Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu. Miezi minane nilikuwa nikipiga video nyumbani navaa ile shati ya wodini. Natoka karakana, nanawa uso, navaa shati, napiga simu. Mpaka Jumapili moja nilipokuwa nimeshika kikombe cha chai, Mama akasogeza simu karibu na jicho. "Hebu nionyeshe vidole." Nikashusha kikombe. "Daktari gani huyu ana grisi kwenye kucha?"

Nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza kama nimekula.

Mzee hakuongea na mimi wiki saba. Alipoanza kuongea tena, swali lilikuwa moja: mteja anatozwa ngapi huko kunyoosha rimu? Nikamwambia mteja analipa kama yuro 25, hapo 3,700 hivi za kwetu. "Gurudumu moja?" Moja. Nikasikia anamwita baba mdogo aje asikie mwenyewe. Msidhani amekubali. Bado anasema nilitupa kazi ya ofisi, ingawa hata wodi si ofisi.

Kwa hiyo usitoke hapa ukaandike barua ya kuacha kazi eti kuna jamaa wa Kisumu kakwambia. Mimi sina mke, sina mtoto, na deni la harambee nilikuwa nimelimaliza. Wewe unajua yako. Na tafadhali msinitumie ujumbe wa ajenti. Sina ajenti, nafasi hii niliiomba mwenyewe kwa barua kumi na nne.

Kanisani bado wananiombea kama Daktari, Mama amekataa kuwaambia, anasema hilo ni langu. Nakuja Desemba. Nitaanza na mchungaji.