Swali la Pili: Mazungumzo na Vilabu vya Chemsha Bongo

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maarifa ya jumla. Mimi hutunga maswali ya mashindano ya shule, na nimeshuhudia vijana wakibonyeza kengele kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi. Mlima mrefu, ziwa lenye kina, nani kashinda tuzo gani: majibu wanayo. Ila ukimgeukia mshindi na kumwuliza swali la pili, juu ya jibu lake mwenyewe, mara nyingi hana la kusema. Inaniuma, maana utamu wote uko huko.

Chukueni swali hili mnalolijua: ni jambo gani la kifizikia lililopewa jina la Mtanzania? Naam, athari ya Mpemba. Maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi. Alama mbili, makofi. Haya, ilikuwaje?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Mpemba alipomwona mwenzake anawahi kuweka mchanganyiko usiochemshwa, naye akatia wake ungali wa moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Wake ulikuwa umeganda, wa mwenzake bado ni uji mzito.

Akamwuliza mwalimu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake walimrushia maneno yale yale. Fikirini kijana wa umri wenu akizomewa kwa kitu alichokiona kwa macho yake, naye haachi.

Kisha akaja shuleni mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima. Akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji sawa kwa sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote vikiingia kwenye friza, kwa nini cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne aliona kuwa haielekei, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na huko kwenye wanyamapori ndiko alikofanya kazi.

Na bado halijaisha. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine hutaja gesi zilizoyeyuka ndani yake au mzunguko wa maji chomboni. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitangaza shindano la kupata maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza wakapima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba athari yenyewe ipo. Kwa hiyo anayejibu “athari ya Mpemba” na kukaa chini amegusa ubishi ulio hai, akaupita.

Tuje kwenye historia. Vita vifupi kuliko vyote? Zanzibar, 27 Agosti 1896, dakika 38 kwa hesabu inayotajwa sana. Swali la pili: kwa nini vilipiganwa? Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila ridhaa ya Waingereza, waliomtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera. Hakushusha, na saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga mizinga. Watu kama 500 upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Naomba swali hili lisisomwe tena kwa kicheko. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata mwaka 1916, akafia Mombasa mwaka 1927. Hayo yote yamo ndani ya zile dakika 38.

Burudani na fasihi nitaziunganisha, kwa sababu Siti binti Saad aliziunganisha. Binti wa Fumba aliyeuza vyungu, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert. Mkiulizwa juu ya mmoja, mtajeni na mwenzake, na mwulize kwa nini mshairi mkubwa vile alitenga kitabu kizima kwa mwimbaji aliyetoka shamba.

Pendekezo langu kwa vilabu ni hili: jibu la kwanza lipewe alama moja, la pili alama tatu, na mtu aruhusiwe dakika nzima ya kueleza. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu za zamani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tano kati yake zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Nani alizifikisha huko? Hakuna aliyethibitisha hadi leo. Anzeni na hilo duru ijayo, na mwamuzi asiwe na jibu mfukoni.