Mrudisheni Mtoto kwenye Maandishi Yenyewe

Wazazi wenzangu na ndugu mliohudhuria,

Jambo hili nimelisema katika mikutano mingi ya jamii zetu hapa Marekani, na sitachoka kulisema maadamu bado nawaona watoto wetu wakifanya kazi za nyumbani za historia kwa kutafuta muhtasari kwenye simu, kunakili mistari miwili na kufunga daftari. Anayemsaidia mwanafunzi, awe mzazi, kaka au jirani, hana kazi ya kumtafutia jibu. Kazi yake ni kumrudisha kwenye maandishi na kuketi naye mpaka ayaelewe.

Chukueni swali ambalo karibu kila mwanafunzi hapa hukutana nalo. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iliagiza kwamba, katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa wahesabiwe sehemu tatu kati ya tano za idadi yao. Mtoto anaandika kwamba kila mtumwa alipewa sehemu ya kura. Si kweli hata kidogo! Mtumwa hakuwa na kura yoyote. Mwulizeni mtoto swali moja tu: ni nani aliyetaka watumwa wahesabiwe wote? Atajibu kwa haraka kwamba ni wapinzani wa utumwa, kumbe ni wajumbe wa majimbo ya kusini, waliotaka viti vingi kwa migongo ya watu waliowanyima kila haki.

Kisha mpeni karatasi na kalamu apige hesabu. Katika sensa ya mwaka 1790, Virginia ilikuwa na watu huru wapatao 455,000 na Pennsylvania wapatao 430,000, idadi zisizotofautiana sana. Lakini Virginia ilikuwa pia na watumwa zaidi ya 290,000, ilhali Pennsylvania haikufikisha hata 4,000. Viti vilipogawanywa, Virginia ilipata 19 na Pennsylvania 13. Na kwa kuwa idadi ya wajumbe wanaomchagua rais hufuata idadi ya viti vya jimbo katika Bunge, faida hiyo iliingia hadi katika uchaguzi wa rais. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hahitaji kukariri chochote.

Najua mtaniambia kwamba Kiingereza cha wakati ule kinawashinda hata wenyeji. Ni kigumu, sikatai, na ndiyo maana mtoto asiachwe peke yake. Asome kwa sauti sentensi moja, aieleze kwa Kiswahili, na mzazi aulize kila asipoelewa. Mama ambaye hakusoma historia ya Marekani ni msikilizaji bora kabisa kwa kazi hii, kwa sababu mtoto hawezi kumpa maneno matupu akaridhika. Kwa hiyo sitaki tena kusikia mzazi akisema kwamba hawezi kusaidia.

Katika fasihi, niseme kwa ufupi, mambo ni yaleyale. Wanafunzi hupewa shairi fupi la Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston akiwa mtoto mtumwa mwaka 1761, ambamo anaitaja safari yake kutoka Afrika kuwa ni rehema, nao humhukumu papo hapo. Wafungulieni katika kitabu hichohicho, kilichochapwa London mwaka 1773, shairi alilomwandikia Earl wa Dartmouth, waziri wa Uingereza aliyesimamia makoloni: humo anasema kwamba mapenzi yake ya uhuru yametokana na kunyakuliwa kwake Afrika, na anayakumbuka maumivu ya baba yake. Mwanafunzi ayasome yote mawili kabla ya kuandika neno lolote juu yake.

Somo la uraia limebakiwa na muda mdogo. Wengi wenu mmejiandaa kwa mtihani wa uraia au mnajiandaa sasa. Basi jifunzeni pamoja na watoto, na kwa kila jibu mlilolikariri kuhusu Bunge, rais au mahakama, mwambieni mtoto awaonyeshe ibara ya Katiba inayolisema, kama ipo.