Chuma na Nyuzi: Kidole cha Baraka na vidole vya Tony Iommi

REHEMA: Tunarekodi. Karibuni tena Chuma na Nyuzi, kipindi chetu cha muziki wa metali, yaani heavy metal. Mimi Rehema, na Baraka yuko hapa mbele yangu, ila leo kaja bila gitaa. Mliotufuata tangu mwanzo mnajua hilo halijawahi kutokea.

BARAKA: Gitaa liko nyumbani, limelala kitandani kama mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni mimi.

REHEMA: Onyesha mkono. Basi, wasikilizaji hawaoni. Kidole cha kati, mkono wa kushoto, bandeji hadi kwenye kiungo.

BARAKA: Jumanne hiyo, karakana. Nakata bomba la geti la mteja, jiwe la grainda likapasuka. Glovu nilivaa. Kipande kimepita kwenye glovu, kimekwenda na nyama ya ncha ya kidole. Nimeshonwa nyuzi sita.

REHEMA: Sita kamili? Kama za gitaa?

BARAKA: Ndiyo neno la kwanza nililomwambia muuguzi. Hakucheka. Daktari kasema wiki sita hadi nane nisikandamize kitu chochote. Nikamuuliza, na nyuzi za gitaa? Akasema ngozi ya pale ikirudi haitakuwa ile ya zamani.

REHEMA: Pole sana kaka'angu. Ulinipigia usiku ule nikajua tu kwa sauti.

BARAKA: Ahsante dada. Sasa, leo tuliahidi albamu tano za kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kusikia metali, na kila moja inafundisha nini. Orodha ninayo hapa. Ya kwanza ni Black Sabbath, ile albamu yao ya kwanza kabisa, imetoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970.

REHEMA: Na ukisema Black Sabbath wiki hii, na kidole hicho...

BARAKA: Najua unakokwenda.

REHEMA: Hebu wasimulie. Kuna wageni kila wiki.

BARAKA: Haya, kwa kifupi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, kijana wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965 ana miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati. Na kazi yake ni kuchomelea. Fundi kama mimi! Hilo nililijua miaka yote, ila Jumanne ndiyo limeniingia. Siku ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Alikuwa ameshapata bendi ya kwenda nayo Ujerumani. Mchana karudi nyumbani kula, hataki kurudi kazini. Mama yake akamwambia, nenda kamalize siku yako vizuri.

REHEMA: Hapo ndipo mimi hushika kichwa.

BARAKA: Mtu wa mashine ya kukandamiza bati hakuja siku hiyo, wakamweka Tony. Mashine haijui. Imemshukia mkono wa kulia, imeondoka na ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Na yeye anapiga mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio wa kubonyeza nyuzi. Umeona balaa lenyewe? Ungekuwa ule mwingine angeshika kipigio, maisha yangeendelea.

REHEMA: Halafu msimamizi wake wa kiwandani akamletea sahani ya santuri.

BARAKA: Ya Django Reinhardt. Mpiga gitaa wa Ufaransa, mtu wa jamii ya Waroma, wale wanaoitwa Gypsy; gari lao la kuishi liliungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, na akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi. Tony akasikiliza pale kitandani, akaamka kutafuta njia. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga vikofia vya vidole, akavisugua mpaka vikakaa. Juu yake akabandika ngozi ili visiteleze kwenye uzi.

REHEMA: Fundi.

BARAKA: Fundi haswa. Halafu nyuzi zenyewe nzito, vidole vinauma. Nyuzi nyepesi za gitaa hazipo madukani enzi hizo. Akafunga nyuzi za banjo, ambazo ni nyepesi.

REHEMA: Na baadaye akazilegeza.

BARAKA: Baadaye. Shika hilo neno, nitalirudia. Albamu ya pili...

REHEMA: Ngoja kwanza na orodha yako. Mimi nasema hivi, na nimeifikiria tangu simu yako: bila mashine ile, metali tunayoijua isingekuwepo. Vidole vinauma, kwa hiyo anapiga kodi, yaani noti zinazolia pamoja, za noti mbili badala ya kodi kamili. Havihisi uzi, kwa hiyo anabonyeza kwa nguvu kuliko mtu mwingine. Anatafuta sauti nene ya kujaza pengo la vidole. Sauti yote imetoka kwenye kidonda.

BARAKA: Hapana.

REHEMA: Hapana nini?

BARAKA: Ndiyo maana nimekwambia shika neno. Kulegeza nyuzi hadi chini kabisa, nusu-toni tatu chini ya kawaida, ni albamu ya tatu, Master of Reality, mwaka 1971. Albamu mbili za mwanzo kwa kiasi kikubwa ziko kwenye tyuni ya kawaida. Na ule wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, wenye mvua na kengele, umewahi kusikia kitu kizito kuliko ule? Ni noti tatu tu. Umetoka wapi? Geezer Butler, mpiga besi wa Sabbath, alikuwa akichezea besi kipande cha mtunzi Gustav Holst, kile cha sayari ya Mars. Tony akasikia, kesho yake akaja na zile noti. Kidonda hakimo hapo. Yumo Holst, yumo Geezer, yumo Bill Ward anayepiga dramu kama mtu wa jazi, na ipo mitaa ya Aston kule Birmingham yenye viwanda usiku na mchana.

REHEMA: Na anayezibonyeza zile noti tatu ana plastiki vidoleni! Huwezi kumtoa.

BARAKA: Simtoi Tony. Naitoa mashine.

REHEMA: Tony gani asiye na mashine?

BARAKA: Yule aliyekuwa ameshapata bendi! Alikuwa anapiga vizuri hadi kupelekwa Ujerumani. Huyo humhesabu.

REHEMA: Chukua mwingine basi. Rick Allen wa Def Leppard. Tarehe 31 Desemba 1984, ajali ya gari, mkono wa kushoto umekwenda. Mpiga dramu, mkono mmoja. Akatengenezewa dramu za umeme, anapiga kwa miguu vile ambavyo mkono ungepiga. Mwaka 1987 wanatoa Hysteria.

BARAKA: Hysteria naipenda, unajua. Lakini ajali ilichukua mkono. Haikumpa kitu. Alichonacho kilikuwa chake kabla, na wenzake waliomsubiri bila kutafuta mtu mwingine. Hao ndio wa kushukuriwa.

REHEMA: Nani kasema kushukuru?

BARAKA: Mama yangu kasema. Jumatano amekaa kitandani kwangu, "Mwanangu, huwezi kujua, labda humo mna heri yake." Nikanyamaza kwa heshima. Sasa naja hapa, na wewe unaniambia hilohilo, umelivalisha koti la ngozi.

REHEMA: Baraka.

BARAKA: Nasema kweli. Kidole changu kikipona nikapiga kitu kizuri, sitaki mtu aseme lile jiwe la grainda ndilo lililopiga.

REHEMA: Sawa. Nami niseme kitu ambacho hapa sijawahi kukisema. Wasikilizaji mnajua nilianza na kanda za kaka yangu. Sijawahi kuwaambia zilinifikiaje. Kaka alikuwa baharia. Alikuwa ananunua kanda kila bandari, anazificha kwenye sanduku, na mimi marufuku kugusa. Alifariki mwaka 2003. Baada ya arobaini mama akagawa vitu vyake, mimi nikapewa sanduku. Kanda ya juu kabisa ilikuwa hiyohiyo Master of Reality, imerekodiwa juu ya kanda ya hotuba. Ukifika mwisho wa upande wa pili, bado unasikia mzee anahutubia. Nilikuwa na miaka 16. Niliisikiliza mwaka mzima. Kazi hii, wewe, wale watu wanaotuandikia kutoka Nairobi na Arusha, vyote vimetoka kwenye sanduku lile. Kaka asingekufa, zile kanda zisingenifikia. Sasa ukiniambia msiba hautoi kitu, mimi niliyekaa hapa nimetoka wapi?

BARAKA: Ungezisikiliza naye.

REHEMA: ...

BARAKA: Angerudi likizo moja akachoka kukuficha. Mngezisikiliza wawili. Ndivyo ninavyoamini, dada. Samahani.

REHEMA: Usiombe samahani. Ila sikubali. Wewe unaongelea kitu ambacho hakikutokea. Mimi nina kilichotokea tu.

BARAKA: Na mimi nina kidole.

REHEMA: Hilo siwezi kukubishia.

BARAKA: Lakini hukubali.

REHEMA: Sikubali.

BARAKA: Mimi pia. [kimya] Mwaka 2025 mwezi wa saba tulikaa wote kwako tukitazama lile onyesho la Sabbath uwanja wa Villa Park, tarehe 5. Wanne wote pamoja, mara ya kwanza tangu 2005. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, amekaa kwenye kiti chake hawezi kusimama. Unakumbuka mimi nilikuwa naangalia nini?

REHEMA: Mkono wa Tony. Ulikuwa unasimamisha video kila dakika, majirani wakadhani mtandao mbovu.

BARAKA: Miaka 60 tangu kiwandani, na vile vikofia bado viko vidoleni. Tarehe 22 Ozzy akafariki. Siku ile nilifunga karakana saa nane mchana.

REHEMA: Baraka, wenye zamu wamefika, kwaya. Tuna dakika mbili. Orodha yako?

BARAKA: Tumefika namba moja.

REHEMA: Na Queen? Umeahidi, kila wiki tunaulizwa habari za Unguja.

BARAKA: Haraka basi. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, yaani Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja mwaka 1946. Namba nne kwenye orodha ilikuwa albamu yao Sheer Heart Attack, ya 1974, kwa ajili ya wimbo Stone Cold Crazy, ambao bendi ya Metallica waliurudia mwaka 1990. Na mwaka 1992 pale Wembley, kwenye onyesho la kumkumbuka Freddie, Queen waliupiga, James Hetfield wa Metallica akaimba, na kwenye gitaa pamoja na Brian May wa Queen alisimama nani?

REHEMA: Usiniambie.

BARAKA: Tony Iommi. Vikofia vyote viwili.

REHEMA: Wanagonga mlango. Mafunzo ya albamu tano hatuyafanyi leo, tusidanganyane. Namba mbili, tatu na tano zibaki hukohuko kwenye karatasi.

BARAKA: Dada, ile kanda ya hotuba bado unayo?

REHEMA: Ninayo. Sijaicheza siku nyingi, redio yangu ilikufa.

BARAKA: Ilete Jumamosi. Ninayo redio karakana. Mlango wa kanda haufungi, naushika kwa mpira.