Mshale Usiopanda: Kuchunguza Geji ya Joto la Injini

Madereva wa abiria na wa mizigo, mafundi wenzangu wa Tanga, pamoja nanyi vijana mnaojifunza kazi gereji, assalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Dereva akiona mshale wa temprecha umepanda hadi kwenye alama nyekundu, husimamisha gari na kumwita fundi. Lakini mshale huohuo ukilala chini kutwa nzima, humshukuru Mungu kwamba injini haichemshi, akaendelea na safari. Mimi nasema mshale uliolala ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hitilafu nyingi za kawaida za geji huuangusha upande wa baridi.

Sababu yake ni hii. Sensa ya joto hufungwa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, au karibu na themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ncha yake ikiwa imezama ndani ya maji, na kiini chake kina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, unaopungua kadiri joto linavyopanda. Kwa mfano, sensa inayotumikia kompyuta ya injini katika magari mengi ya Kijapani huwa na takriban ohmu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kisha hushuka hadi ohmu 200 hadi 400 yakifika nyuzi 80. Umeme ukipita kwa wingi mshale hupanda, ukipita kidogo hulala, na usipopita kabisa hulala vilevile. Basi waya uliokatika, kichwa cha waya kilichooza kwa kutu, na sensa iliyokufa kwa kukatika ndani, vyote humfikia dereva kama habari njema ya injini iliyopoa.

Kabla ya kuilaumu geji, thibitisheni hali ya injini yenyewe. Angalieni maji ya rejeta asubuhi, injini ikiwa imepoa, maana maji yakipungua hadi ncha ya sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka huku silinda hedi ikiungua. Hewa na mvuke haviipashi sensa joto kama maji yanavyoipasha. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto: chini ya shinikizo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukikifungua hulipuka usoni.

Jambo la pili ni themostati. Wako mafundi ambao kila gari linalochemsha huling'oa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Hilo silikubali hata kidogo. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto, hunywa mafuta zaidi na husagika mapema, na mshale hukaa chini hasa gari likiwa kwenye mwendo wa barabara ya Segera, halafu mwenye gari anauziwa geji mpya ambayo nayo itakaa palepale.

Maji yakiwa sawa na themostati ipo, sasa ichunguzeni geji. Nazungumzia zile sensa za waya mmoja, ambazo upande wao wa hasi ni bodi ya injini kupitia nyuzi za skrubu. Chomoeni waya kwenye sensa, washeni swichi bila kupiga injini moto, mtazame dashibodi: katika magari mengi mshale unapaswa kulala kwenye baridi. Kisha gusisheni ncha ya waya huo kwenye bodi ya injini kupitia balbu ndogo, kwa sekunde chache tu, mwenzako akiutazama mshale. Balbu naisisitiza, kwa sababu baadhi ya geji huungua zikigusishwa moja kwa moja. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, na mgonjwa ni sensa. Usipopanda, fuateni fyuzi, waya, na mwisho geji yenyewe. Na kama geji ya mafuta nayo inasoma vibaya wakati huohuo, anzeni na umeme wa dashibodi ambao geji zote mbili huutegemea.

Hapa kwetu waya na vichwa vyake hustahili muda mrefu kuliko bara, kwa sababu ya upepo wa chumvi. Magari yanayolala karibu na bahari hufanya ukungu wa kijani kwenye shaba ya kichwa cha waya. Kwa nje mpira unaonekana mzima, lakini ukiukunja waya kidogo unasikia nyuzi za ndani zikivunjika. Kateni sehemu hiyo hadi mfike kwenye shaba inayong'aa.

Sensa inayotiliwa shaka ifungueni injini ikiwa imepoa, muitumbukize ncha yake ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mkipima ukinzani kwa mita ya umeme kadiri maji yanavyopata moto. Ukinzani ushuke polepole bila kuruka. Tanga maji huchemka kwenye nyuzi 100. Fundi wa Lushoto akumbuke kwamba kule juu huchemka kwenye takriban 95.

Wakati wa kuirudisha sensa ya waya mmoja, msizungushe tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi zake, kwani inaweza kuitenga na bodi, na mshale ukalala tena. Jazeni maji pamoja na kulanti, ile dawa ya rejeta, mpige injini moto kifuniko cha rejeta kikiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi, muiache iungurume hadi hewa itoke na mpira wa juu wa rejeta upate moto, dalili kwamba themostati imefunguka. Wakati huo mshale uwe umekwisha kupanda hadi mahali pake. Kama bado umelala, gari lisitoke gereji.