Kota za zamani zikivunjwa, bibi atakaa ghorofa ya ngapi?

Wazee wangu wa Arusha na Moshi, shikamooni. Vijana, mambo. Hapa nilipo ni Regent Park, Toronto, na haya maghorofa nyuma yangu yamesimama palipokuwa na nyumba za serikali za kupangisha. Zile za zamani zilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, nyumba 2,083 kwenye ekari 69. Zikachakaa, na mwaka 2005 wakaanza kuzibomoa kwa awamu na kujenga upya. Sitawatembeza kwenye bwawa la kuogelea wala bustani, video hizo zimejaa. Leo naongea na mtu wa kota: ya shirika, ya halmashauri, ya reli, yoyote ile yenye bati lililopauka, ambako siku moja watakuja watu na mchoro wa rangi waseme hapa panapanda ghorofa.

Mchoro utakuonyesha miti na magari. Wewe uliza mambo mawili tu: nani anahama kwanza, na chini anakaa nani.

Tuanze na kuhama. Regent Park kila mpangaji alipewa haki ya kurudi. Vizuri. Ila kwenye awamu ya kwanza sehemu ya nyumba za kufidia ilijengwa mitaa ya jirani, kwa hiyo wapo ambao "kurudi" kwao kuliishia karibu na nyumbani, si nyumbani. Na kwetu tuna Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644. Watu waliondoka, nyumba zikavunjwa, miaka ikakatika, nyumba mpya zikazinduliwa 2022. Mtoto aliyehama pale akiwa darasa la kwanza alishamaliza shule ya msingi kabla ya kuiona ngazi ya jengo jipya.

Njia yenye nafuu ni kujenga kwanza mahali pasipokaa mtu. Chukua mfano wa eneo lenye kota 48 za chini. Tafuta kona tupu: maegesho, uwanja, gereji iliyokufa. Hapo simamisha jengo la chini na ghorofa tatu juu, nyumba nne kila sakafu, jumla 16. Likiisha, kaya 16 za kota zilizo karibu zinahama mara moja tu, kwa mkokoteni. Kota zao zinavunjwa, na kiwanja chao kinabeba jengo la pili. Ukizunguka hivyo mara tatu, kaya 48 zote zimekaa, na ardhi iliyobaki inapokea jengo la nne la kuuza au kupangisha kwa bei ya soko, ambalo ndilo linalosaidia kulipia yale matatu. Hapa Toronto hesabu ni hiyohiyo: nyumba za kuuza zinazibeba za kupangisha.

Mkandarasi hataipenda. Anataka eneo tupu lote, ashushe mitambo mara moja, amalize. Atakwambia kujenga kwa zamu kunapandisha bei, na hasemi uongo. Sasa chukua nyongeza yake uiweke pembeni ya kodi ya miezi 24 ya kaya 48 huko Unga Limited au Pasua, nauli za watoto kurudi shule ileile, na mama lishe aliyepoteza wateja wake. Halafu ndiyo mzungumze.

Kabla ya tofali la kwanza kung'oka, kuna orodha. Tarehe ya mwisho ya kuandikisha kaya itangazwe na ibandikwe ofisi ya mtaa, kwa sababu fununu ikitoka tu, kota moja inageuka kaya tatu kwa wiki mbili. Orodha isiwe ya majina ya wapangaji peke yao. Iandike kila anayelala pale na umri wake, na aliyepangishwa chumba cha uani naye aandikwe, hata kama hatapewa haki ileile. Kisha kila kaya ipewe karatasi yenye saini: ukubwa wa nyumba watakayorudia, sakafu ya ngapi, kodi itakavyopangwa, nani analipa pango la muda, na nini kitatokea tarehe ya kukabidhi ikipita.

Kuna sentensi moja inayosahaulika kila mahali: mwenye jina kwenye mkataba akifariki kabla ya kurudi, haki inakwenda kwa nani? Kota nyingi mkataba ni wa babu au bibi. Ujenzi ukichukua miaka minne, mzee wa miaka 78 anaweza asifike. Mjukuu aliyelelewa pale akienda na cheti cha kifo ataambiwa mkataba umekufa na marehemu. Andikeni mapema kwamba haki ni ya kaya iliyoorodheshwa, si ya mtu mmoja.

Haya, sasa chini anakaa nani.

Kwetu jibu linakuja lenyewe: chini weka fremu. Duka la Mangi, saluni, wakala wa pesa za simu, duka la vifaa vya ujenzi. Kodi ya fremu ni tamu, naelewa. Lakini sakafu ya chini ndiyo pekee ambayo mzee wa magoti mabovu anaingia bila kuvuka ngazi. Ukiijaza fremu zote, bibi aliyeteremka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki hospitali ya KCMC anapandishwa ghorofa ya pili akiwa amebebwa, na akishafika hatoki tena mpaka siku ya kliniki nyingine. Mimi ningeweka fremu upande mmoja tu, ule unaotazama barabara, na upande wa ua niuache kwa nyumba za wazee.

Sababu ya pili iko kwenye nguzo. Fremu zinataka mlango mpana wa kukunjwa, kwa hiyo chini hapana kuta, nguzo tupu, na juu yake sakafu tatu zilizojaa kuta za tofali. Ardhi ikitikisika, sakafu ile ya chini inayumba kuliko nyingine zote, na nguzo zinavunjika pale zinapoungana na boriti. Sisi tunaishi kando ya bonde la ufa. Julai 2007 tetemeko la karibu na Gelai, huko Ziwa Natron, lilisikika hadi Nairobi. Kama fremu lazima ziwepo, mhandisi aingize kuta za zege lenye nondo, walau mbili kila mwelekeo, kuanzia msingi hadi juu, na ringi za nguzo, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja, ziwe karibukaribu kwenye maungio. Ringi ndizo fundi anazoruka akitaka kubana nondo, kwa sababu zikishamwagiwa zege hakuna anayeziona. Picha zipigwe kabla ya kumwaga.

Lifti? Kwa chini na ghorofa tatu, ningeiacha. Lifti inataka matengenezo kila mwezi na jenereta umeme ukikatika, na ikifa wakazi wanagombana nani alipe wakati wazee wamefungiwa juu. Pesa hiyo iende kwenye ngazi nzuri: kupanda kwa sentimita 16, pa kukanyaga sentimita 30, mshikio pande zote mbili, na kila kipandio kilingane na mwenzake. Kipandio kimoja kikizidi hata sentimita mbili ndicho kinachoangusha watu. Mlangoni chini, kama sakafu imeinuliwa sentimita 45 kukwepa maji ya mvua, njia ya kiti cha magurudumu inahitaji urefu wa mita 5.4, maana kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele. Hiyo ipangwe kwenye mchoro. Ikija baadaye inageuka mteremko wa kupandishia pikipiki.

Nataka nikae kidogo chooni, kwa sababu nyumba ya vizazi vitatu inafaulu au inafeli hapo. Choo cha mzee kiwe jirani na chumba chake, mlango uwazi wa sentimita 90 na ufungukie nje. Akianguka ndani akauegemea mlango unaofungukia ndani, hamtaingia. Ndani pabaki nafasi tupu ya kugeuzia kiti cha magurudumu, mduara wa sentimita 150. Pa kuogea pasiwe na kizingiti. Sakafu iteremke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko uwekwe kwenye zege lenyewe. Mafundi wengi huutafuta kwa gundi ya vigae dakika ya mwisho, ndiyo maana maji yanasimama pembeni. Chuma cha kushikia, kimo cha karibu sentimita 80, kisitegemee tofali la inchi tano la mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu. Skrubu itatoka na mzee mkononi. Wakati wa kujenga ukuta, pale pa kushikia mwageni mkanda wa zege wenye urefu wa mita moja. Unagharimu ndoo chache za zege.

Na majaribio. Kabla ya kigae chochote, paka kinga ya maji sakafuni, ipande ukutani sentimita 30, na sehemu ya kuogea ifike mita 1.8. Ziba tundu, jaza maji ya kina cha sentimita tano, acha saa 48, kisha shuka kwa jirani wa chini ukatazame dari yake. Likionekana doa, rudia. Mabomba ya majitaka yashuke kwenye dakti, njia ya wima ya mabomba, yenye mlango wa kuingilia fundi. Yakifukiwa ndani ya zege, siku likivuja moja utavunja bafu tatu kumtafuta mchawi.

Ramani sasa. Singapore wanajenga nyumba za vizazi vitatu zenye karibu mita za mraba 115, vyumba vinne, viwili vikiwa na choo ndani. Kwa mfuko wetu hiyo ni kubwa. Ninayoipenda ni jozi: nyumba ya vyumba viwili, kama mita za mraba 55, na pembeni yake chumba kimoja cha mita za mraba 28 chenye choo na jiko dogo, ukuta mmoja kati yao. Kwenye ukuta huo mjenge linta, boriti ya juu ya mlango, tangu mwanzo, uwazi wa mlango uachwe, kisha uzibwe kwa tofali zisizofungamana na ukuta. Koko, yaani bibi, akihamia, mnazitoa kwa siku moja. Asipokuwepo, mnaziba na kupangisha. Ila itafanya kazi tu kama kila upande una mita yake ya umeme ya LUKU na mita ndogo ya maji. Bila hizo, mpangaji wa chumba na mwenye nyumba watagombana hadi wafikishane kwa mjumbe.

Jiko: mtu atapika makande kwa muda wa saa tatu, na atayapika kwa mkaa, hata mchoro ukisema gesi. Msijifanye hamjui. Wekeni uani banda la wazi lenye meza za zege za kuwekea majiko, pamoja na bomba la maji. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Maji hesabuni kwa watu, si kwa nyumba. Nyumba 16, watu sita kila moja, lita 80 kwa mtu, ni lita 7,680 kwa siku. Akiba ya siku mbili chini ni kama lita 15,000, na juu tenki la 5,000. Hilo la juu likijaa lina tani tano, kwa hiyo likae juu ya nguzo, kamwe si katikati ya slabu. Wa Arusha, mnajua habari ya floridi iliyo kwenye maji na inavyoharibu meno. Paa la mita za mraba 300 likipata milimita 10 za mvua linakupa hadi lita 3,000 zisizo na floridi. Mkitenga tenki lake na kuyasafisha, ni maji ya kunywa ya watoto.

Kuvunja, kwa ufupi: ikiwa paa la kota ni la asbestosi, lile la kijivu linalofanana na saruji iliyokunjwa, livuliwe kabla ya nyundo kugusa ukuta. Lilowanishwe, vipande vitolewe vizima bila kupasuliwa, vifungwe plastiki tabaka mbili, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, waelekeze pa kuvizika. Vijana wasiviokote kuezekea banda la kuku. Vumbi lake huonyesha ugonjwa baada ya miaka 20, 30 au zaidi.

Mwisho, kodi na gharama za pamoja. Hapa Toronto kodi ya nyumba hizi hufuata kipato cha kaya, kiasi cha asilimia 30. Ina huruma, lakini kijana akipata kazi kodi ya nyumba nzima inaweza kupanda, naye anaona heri ahame, na vizazi vinatengana. Kwetu, ambako kipato cha bodaboda hakina karatasi, ningefuata ukubwa wa nyumba. Gharama za pamoja ziwe kwenye mstari wake: umeme wa pampu, taa za ngazi, mlinzi, gari la majitaka kama bomba la mamlaka ya maji, AUWSA ya Arusha au MUWSA ya Moshi, halijafika, na akiba ya kununua pampu nyingine. Zikifika shilingi 480,000 kwa mwezi kwa jengo la nyumba 16, kila nyumba ni 30,000. Wa chini watauliza kwa nini walipie taa za ngazi wasizopanda, na wa juu watauliza kwa nini wasafishe ua wa wazee. Sheria yetu Tanzania ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaweka chama cha wamiliki. Kama nyumba zitauzwa kwa wakazi, mgao huo uingie kwenye kanuni za chama kabla funguo hazijatoka, na akaunti iwe na saini tatu, moja ya mtu wa sakafu ya chini.