Toa nywila zako kwenye kaunta buku yangu

Mwangaluka, ndugu zangu. Hii mnayoiona mkononi mwangu ni kaunta buku ya kwaya tatu. Jalada limevimba, kurasa zimegandana. Ndani yake kuna nywila, au paswedi kama tunavyosema hapa dukani, za wateja wangu wa steshenari: barua pepe, akaunti za mkopo wa chuo, za maombi ya ajira, za TIN. Mteja anakuja, namfungulia akaunti, halafu ananiambia, "Kaka, andika humo humo kwako, mimi nitasahau." Naandika. Miaka minne nimekuwa nikiandika.

Masika yaliyopita mvua ilipiga usiku kucha, maji yakashuka kutoka mlimani huku Mabatini na matope yake, yakapita chini ya mlango. Kaunta buku ilikuwa droo ya chini. Siku tatu baadaye akashuka kijana na meli ya kutoka Nansio. Maombi yanafungwa kesho yake, anataka nywila yake. Tukabandua kurasa kwa wembe, taratibu, tukakuta mstari wake umekuwa doa la bluu. Laini aliyosajilia barua pepe alishaipoteza. Alirudi Ukerewe bila kuniaga, na simlaumu.

Na kabla hamjaniandama huko chini: ndiyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023, nami nilikuwa bado naandika siri za watu kwa kalamu. Ndiyo maana leo nawafundisha kuzitunza wenyewe.

Unahitaji simu ya Android, hata ile yenye kioo kilichopasuka. Programu ya kutunzia nywila inaitwa KeePassDX. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, mwenye ujuzi anausoma na kuukagua, na leseni yake, GPL toleo la 3, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Ila kilichonivuta mimi ni kingine: haiombi ruhusa ya kuingia intaneti. Bando likiisha inafanya kazi. Bando likiwepo, haina pa kupitishia siri zako kwenda kwa mtu.

Ingia Play Store, andika jina hilo, soma herufi moja moja kabla hujapakua, maana majina yanafanana. Mimi naichukua F-Droid, ghala la programu huria lililoanza 2010, kwa sababu halinidai akaunti yoyote. Ukipita njia hiyo, unaipakua F-Droid yenyewe kwa kivinjari kutoka f-droid.org. Simu itakuonya kuhusu programu za nje. Mpe kivinjari ruhusa, sakinisha, kisha rudi kwenye mipangilio umnyang'anye ruhusa hiyo. Ukiona usumbufu, baki na Play Store, hatutagombana.

Haya, fungua. Mara ya kwanza inakupa uchaguzi: kutengeneza kasha jipya, yaani faili lenye kufuli litakalobeba nywila zako, au kufungua lililopo. Gusa jipya. Inauliza faili likae wapi. Chagua folda ya nyaraka kwenye simu yako. Jina lolote linafaa, mradi mwisho wake ubaki .kdbx. La kwangu linaitwa dagaa.

Sasa inaomba nywila kuu. Hapa tukae kidogo, maana wengi wanapaharakisha.

Nywila kuu ndiyo itakayofungua nyingine zote, kwa hiyo usiweke jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Usiweke Simba wala Yanga. Hayo mashine inayabahatisha mapema sana. Chukua kamusi, fumba macho, fungua popote, weka kidole. Neno ulilogusa liandike. Rudia mpaka yafike matano. Mimi hapa nimepata: mwiko, ngamia, tarumbeta, kabati, ukoka. Ukipata neno usilolipenda, usilibadilishe! Ukianza kuchagua, utachagua lile lile ambalo jirani yako angelikisia.

Mbinu hii si yangu. Mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Arnold Reinhold, aliitoa kwa kutumia dadu: orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu tano, namba zinakupa neno. Maneno matano ya orodha ile yana michanganyiko kama bilioni 28 zidisha kwa bilioni. Kamusi na kidole si sawasawa na dadu, kwa sababu mkono hupenda kufungua katikati, kwa hiyo ukitaka usalama zaidi ongeza neno la sita.

Kuyakumbuka, tunga kisa. Mwiko umempiga ngamia, tarumbeta imeangukia kabatini, kabati limeota ukoka. Kisa kikiwa cha kipuuzi ndipo kinapoganda kichwani. Ila haya yangu msiyachukue, nimeshayatangaza, yamekufa.

Sikiliza na hili. Humu hakuna kitufe cha "umesahau nywila". Hakuna ofisi ya kupiga simu. Ukiisahau, kasha halifunguki, hata uje kwangu na machozi. Kwa hiyo yaandike maneno yako kwenye karatasi, yatie kwenye bahasha, bahasha ikae nyumbani pamoja na hati ya kiwanja na vyeti. Utaniuliza, si karatasi tena hiyo? Ni karatasi, lakini iko kwako. Kuhusu faili la ufunguo wanalokuuliza chini yake, liache.

Tuko ndani. Gusa alama ya kujumlisha chini, uweke ingizo la kwanza. Anza na barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi ukizisahau zinarudishwa kupitia hapo. Andika jina la akaunti, anwani yako, halafu kwenye sehemu ya nywila gusa kitufe cha kutengeneza, kilicho pembeni. Weka urefu wa herufi 20. Angalia inavyotoka, mtu gani atakisia hiyo? Baadhi ya tovuti zinakataa alama kama nyota na mshangao. Zikikataa, zitoe alama hizo, tengeneza upya. Hifadhi.

Bado hujamaliza. Mama mmoja hapa dukani alifika hapa akafurahi, akaenda zake. Kesho yake nywila mpya inakataa. Aliiweka kwenye kasha tu, kule kwenye barua pepe hakubadilisha kitu! Kwa hiyo ukishahifadhi, nenda kwenye akaunti yenyewe, ubadilishe nywila ya zamani kwa hii mpya, toka, kisha ingia tena kuhakikisha.

Mengine yaingize polepole, akaunti moja kwa siku inatosha. Sehemu ya maelezo inafaa pia kwa namba ya NIDA, zile tarakimu 20 zinazokutoa jasho kila ukijaza fomu, na namba ya mtihani wa kidato cha nne. PIN ya pesa ya simu ibaki kichwani.

Kwenye mipangilio ya simu, tafuta huduma ya kujaza kiotomatiki, uichague KeePassDX, ikujazie yenyewe. Kidole nacho kinaweza kufungua kasha, lakini ukikizoea utayasahau maneno yako. Mimi kila Jumapili nafungua kwa kuandika. Na ukija kwenye kompyuta ya dukani, yangu au ya mwingine, kasha usilifungue pale. Soma kwenye simu yako, andika, ukimaliza toka kwenye akaunti.

Mwisho, nakala. Simu ikizama kwenye kivuko cha Kamanga, imezama na dagaa wako. Chomeka waya kwenye kompyuta unayoiamini, nakili faili la .kdbx kwenye flashi, flashi umpe dada yako akutunzie. Bila yale maneno hawezi kulifungua. Ukiongeza akaunti mpya, nakili tena. Na kwenye kompyuta, ya Windows, ya Mac au ya Linux, faili hilo hilo linafunguka kwa KeePassXC. Muundo wake unatokana na KeePass ya Dominik Reichl, aliyoitoa 2003, na ziko programu kadhaa zinazousoma. Hata walioitengeneza KeePassDX wakiamua kwenda kulima mpunga Magu, faili lako litafunguka kwa programu nyingine.

Sasa ninyi ambao mistari yenu bado inasomeka humu, njooni na simu. Tunatengeneza kasha, tunabadilisha nywila, halafu peni nyekundu hii hapa, unakata mstari wako kwa mkono wako. Mpaka jana jioni wamekata 17. Ukurasa wa 40 ndio wenye watu wengi, na dada wa saluni hapo jirani, nakuona unapita kila siku, wewe ni mstari wa tatu.