Manjano Yanayotoka Mrijani: Saratani ya Ini na Upasuaji Wake

BARAKA: Dada Rehema, leo tuanze na baba mdogo. Macho yalibadilika rangi, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na usiku halali kwa kujikuna, mpaka mashuka yana damu. Majirani wakasema homa ya manjano. Akanyweshwa mizizi mwezi mzima.

REHEMA: Pole sana, kaka. Na choo chake?

BARAKA: Kimepauka kama majivu.

REHEMA: Basi hiyo si homa ya manjano, ile inaletwa na mbu. Nyongo ndiyo inayotia choo rangi. Choo kikipauka na mkojo ukakolea, jua nyongo imezibiwa njia. Inarudi kwenye damu, inajitokeza machoni.

BARAKA: Vipimo vikasema saratani ya ini. Nikajua ini limekwisha.

REHEMA: Hapo ndipo wengi tunakata tamaa mapema, hata sisi tunaofanya kazi chumba cha upasuaji. Mara nyingi manjano ya saratani ya ini hutokana na ini lenyewe kuchakaa, limejaa makovu na uvimbe. Hiyo ni ngumu. Lakini wapo wachache ambao uvimbe umepenya kwenye mrija wa nyongo, ukaota humo kama kizibo. Ini bado lina nguvu, limezibwa tu! Mwaka 1975 mpasuaji Lin wa Taiwan na wenzake waliieleza kama aina yake peke yake.

BARAKA: Haiwezi kudhaniwa mawe ya nyongo?

REHEMA: Hudhaniwa sana. CT scan, ile picha ya ndani ya mwili, ikipigwa kwa dawa inayochomwa mshipani, inasaidia: jiwe halina damu, halinyonyi ile dawa. Uvimbe unanyonya.

BARAKA: Halafu anapasuliwa?

REHEMA: Siyo siku hiyo. Ini lililolowa nyongo halivumilii kisu. Kwanza wanapitisha bomba dogo, ama kwa kamera ya mdomoni, ama kwa sindano kupitia ubavuni, nyongo ishuke. Kisha wanapima ini litakalobaki. Lenye afya, asilimia 30 hivi inatosha. Lenye makovu wanataka 40. Likiwa dogo, wanaziba mshipa mkubwa unaolisha upande mgonjwa, na baada ya wiki kadhaa upande wenye afya unanenepa. Wajapani walianza hivyo miaka ya 1980. Mimi kila nikiona picha za kabla na baada, nastaajabu.

BARAKA: Na hicho kizibo?

REHEMA: Wanakata kipande cha ini chenye uvimbe, wanafungua mrija, wanakivuta kwa koleo taratibu. Ni laini, kinamegeka, kinavuja damu, kwa hiyo hakuna papara. Wanasafisha, wanachungulia kwa kamera nyembamba kama kuna mabaki. Kikiwa kimeelea tu, mrija unabaki. Kikiwa kimeng'ang'ania ukuta, mrija nao unakatwa, utumbo mwembamba unapandishwa na kushonewa kwenye mirija iliyobaki.

BARAKA: Anapona?

REHEMA: Wapo wanaoishi miaka mingi. Lakini saratani hurudi mara kwa mara, kwa hiyo kila baada ya miezi michache ni picha na kipimo cha damu. Wachache hupandikizwa ini. Baba mdogo alifikia wapi?

BARAKA: Tulichelewa. Uvimbe ulishafika kwenye mapafu, kisu kikakataliwa. Waliweka bomba tu. Usiku wa tatu alilala mpaka jua likachomoza, mama mdogo alikaa pembeni analia kwa furaha.

REHEMA: Hilo nalo ni tiba, kaka. Chanzo cha saratani waliwaambia?

BARAKA: Homa ya ini B.

REHEMA: Hiyo huambukiza, basi inaweza kuwa imo ndani ya nyumba. Chanjo ya watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002, wanawe wote walizaliwa kabla. Wamepima?

BARAKA: Wawili wamepima. Yule mkubwa bado.

REHEMA: Mpigie leo. Akikutwa hana, achanjwe. Akikutwa nayo, aanze kliniki.